Kaa, Shela au Tanga: uanze na mabaki gani ya nyota iliyolipuka ukiwa Mtwara au Lindi

Picha yangu ya kwanza ya mabaki ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, ilikuwa na upana wa pikseli 24. Nilikesha usiku mara mbili Shangani, hapa Mtwara, mwezi wa Desemba, nikivizia nafasi kati ya wingu na wingu, na kamera yangu ya kupigia harusi yenye lenzi ya milimita 50. Nililenga Nebula ya Kaa (nebula ni wingu la gesi angani) kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nimeisikia. Nilipoikuza kwenye kompyuta nikaona kidoa cha kijivu, na mke wangu akaniuliza kama ni vumbi la kwenye kioo. Hakuwa mbali na ukweli.

Kamera haikuwa na kosa, wala mbingu. Kosa lilikuwa langu: nilichagua kwa umaarufu wa jina, sikuuliza lenzi yangu inaweza nini wala mwezi ule ulikuwa wa mvua au wa kiangazi. Tangu hapo nimeshapiga mabaki matatu nikiwa huku huku kusini, na kila ninapokutana na mtu mwenye kamera anayetaka kuanza, huwa amekwama hapo hapo nilipokwama mimi. Hivyo nimeyaweka matatu hayo kando kwa kando: Kaa, Shela na Tanga. Majina ya kitaalamu ni Nebula ya Kaa, au M1; Nebula ya Shela, iliyo katika kundinyota la Cygnus; na mabaki ya Vela, neno la Kilatini lenye maana ya matanga ya chombo. Kwa mtu wa pwani majina hayo hayana ugeni wowote.

Kuna jambo moja la kujivunia kabla hatujaanza. Mtu wa London hawezi kuliona Tanga akiwa kwao, kwa kuwa halichomozi kabisa. Mtu wa Cape Town huliona Shela likiwa chini, nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya hewa nzito. Sisi tuko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, na yote matatu hutupandia: Kaa hufika nyuzi 58 juu ya upeo, Tanga 55, Shela 49. Anga haitunyimi chochote hapo. Kinachotunyima ni lenzi, mvua na muda.

## Vigezo kwanza

Cha kwanza ni ukubwa. Nyoosha mkono mbele yako: kidole kidogo hufunika kama nyuzi 1 ya anga, ngumi hufunika kama 10. Mwezi mpevu, hata unapoonekana mkubwa kama sinia, ni nusu ya nyuzi tu. Mabaki haya yanatofautiana ukubwa kupita kiasi, na ndiyo maana lenzi inayofaa kwa moja haifai kwa jingine.

Cha pili ni aina ya nuru, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa kwa kununua filta wasiyoihitaji. Nyota kubwa ikilipuka hurusha gesi yake kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Gesi hiyo ikigonga gesi nyingine iliyotulia angani, huipasha moto na kuifanya iwake kwa rangi chache maalumu: nyekundu ya hidrojeni, kwenye nanomita 656, na kijani-buluu ya oksijeni, kwenye nanomita 501. Shela na Tanga huwaka hivyo. Kaa ana utaratibu wake wa pekee, nitaueleza akifika.

Cha tatu ni kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili na kuingia Mei. Anga safi ya kutegemea ni ya Juni hadi Oktoba. Jambo zuri la angani lililo juu saa tatu usiku mwezi wa Februari ni zuri kwenye karatasi tu.

Cha nne ni usumbufu wa mahali. Umande wa chumvi, moshi wa mashamba, taa, na unga wa salfa unaopuliziwa mikorosho. Nitautaja panapohusika.

Vifaa nitakavyovitaja ni vya aina tatu: kamera juu ya tripodi tu, kamera juu ya kifuatilia nyota, yaani mota ndogo inayoizungusha kamera kufuata mwendo wa anga, na darubini janja, ile ndogo inayoongozwa kwa simu, inayojitafutia nyota na kurundika picha yenyewe, yaani kuzichanganya picha nyingi kuwa moja. Mfano wa hizi za mwisho ni Seestar S50, yenye kioo cha milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 250.

## Kaa

Mwaka 1054, wakati Kilwa tayari ina wakazi, wanajimu wa China waliandika kwamba nyota mpya imetokea. Ilionekana mchana kweupe kwa siku 23. Kilichobaki ndicho John Bevis alichokiona kwa darubini mwaka 1731, na Charles Messier akakiweka namba 1 kwenye orodha yake baada ya kukikuta mwaka 1758. Kiko mbali nasi kama miaka ya nuru 6,500.

Ukubwa na lenzi. Hapa ndipo nilipoumia. Kaa ana urefu wa dakika 7 za nyuzi, na nyuzi 1 ina dakika 60. Hata ukiwapanga Kaa wanne kwa mstari hawafiki upana wa Mwezi. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya kawaida ya sensa ndogo humpa kama pikseli 95. Darubini janja ya milimita 250, kwa kuwa pikseli zake ni ndogo zaidi, humpa karibu 175: unapata umbo, unapata rangi, nyuzinyuzi unaanza kuzihisi. Ili zikae wazi unahitaji milimita 500 kwenda juu, na huko ni gharama nyingine.

Nuru na filta. Katikati ya Kaa kuna kiini cha nyota ile kilichobanwa, kinachozunguka kama mara 30 kwa sekunde. Ndicho kinachomlisha. Elektroni zinazokimbia ndani ya sumaku yake hutoa mwanga wa rangi zote, mweupe-buluu, tofauti na zile rangi mbili za gesi. Maana yake kwa mpiga picha ni hii: Kaa hahitaji filta. Ukimwekea filta ya mikanda miwili, ile inayopitisha rangi mbili za gesi tu, utabaki na nyuzinyuzi za nje na kuua ule mng'ao wa ndani. Tena nuru yake imekusanyika mahali padogo, kwa hiyo huvumilia taa za mjini kuliko wenzake wawili. Nimempiga nikiwa uani kwangu, taa ya jirani ikiwa inawaka.

Kalenda. Wakati wake wa heshima ni Desemba usiku wa manane, na ndio wakati mvua inapoingia. Usimsubiri. Amka Oktoba: kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri yuko juu ya nyuzi 30, na mwishoni mwa mwezi hufikia kilele karibu na saa tisa na nusu. Mtafute kupitia Kilimia, kile ambacho wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kutoka Kilimia shuka kwenye ile nyota nyekundu, Aldebaran, kisha fuata pembe za Ng'ombe hadi nyota ya Zeta Tauri. Kaa yuko upana wa kidole kidogo kutoka hapo.

Usumbufu. Mdogo. Saa moja ya picha zilizorundikwa inatosha kukuonyesha umbo.

Anamfaa mwenye darubini, ya kawaida au janja, na mtu asiyeweza kutoka mjini. Mwenye lenzi fupi ataambulia kidoa kama changu.

## Shela

William Herschel aliliona tarehe 5 Septemba 1784. Hakuna aliyeandika mlipuko wenyewe, kwa kuwa ulitokea miaka elfu kumi hadi ishirini iliyopita. Liko umbali wa kama miaka ya nuru 2,400, na gesi yake imetanda mpaka imekuwa nyepesi kama kitambaa kweli. Mimi ni mtu wa harusi, nimeshaona mashela mengi yakipeperushwa na upepo wa kusi, na nakwambia aliyeipa nebula hii jina hakukosea.

Ukubwa na lenzi. Lote zima ni nyuzi 3, yaani miezi mipevu sita kwa mstari. Lenzi ya milimita 200 au 250 kwenye sensa ndogo hulibeba lote na kubakiza nafasi pembeni. Lenzi ya 70–300 ya bei ya chini, ile ambayo kila mpiga picha wa mpira anayo kwenye begi, inatosha, ilimradi ubane kidogo tundu lake la mwanga ili nyota za kwenye kona zisivutike. Darubini janja huona eneo la nyuzi 1.3 kwa 0.7 tu, hivyo itakupa nusu ya mashariki au nusu ya magharibi, isipokuwa uiambie iunganishe vipande, na hapo saa zinaongezeka.

Nusu hizo mbili si sawa. Ya magharibi, NGC 6960, hupita juu ya nyota iitwayo 52 Cygni, ambayo unaweza kuiona kwa macho penye giza. Hiyo hurahisisha kulenga: weka nyota katikati na shela limo. Ila mng'ao wa nyota hiyo humeza uzi mwembamba ulio karibu nayo. Ya mashariki, NGC 6992, ina nuru zaidi na mikunjo mingi zaidi, lakini haina nyota ya kukuongoza. Anayeanza ningempa ya magharibi kwa usiku wa kwanza, ya mashariki kwa usiku wa pili. Katikati yao kuna mkunjo wa tatu, hafifu, uliogunduliwa na Williamina Fleming mwaka 1904. Huo usiuhangaikie mwanzoni.

Nuru na filta. Shela ni oksijeni na hidrojeni tupu, na filta ya mikanda miwili hulibadilisha kabisa. Bila filta nilipata moshi wa kijivu uliozama kwenye nyota za Njia Nyeupe. Nilipoweka filta, nyota zilinyamaza na uzi ukajitokeza. Kuwa mwangalifu unaponunua: niliwahi kuuziwa Dar es Salaam filta ambayo, nilipoielekeza kwenye taa nyeupe, ilikuwa kioo cha rangi tu. Filta ya kweli ukiitazama kwa ubavu hubadilika rangi na hung'aa kama kioo cha kujitazamia.

Kamera ya kawaida ina kizuizi mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. Kwa Shela hilo si msiba, kwa sababu oksijeni ni nyingi na inapita. Utapata shela la kijani-buluu zaidi kuliko la wale waliobadilishiwa sensa, na mimi sioni aibu yoyote kwenye picha hiyo.

Kalenda. Kwenye kigezo hiki Shela linawapita wenzake mbali kwa mtu wa Mtwara. Mwanzoni mwa Agosti linafika kilele saa sita na nusu usiku. Katikati ya Septemba saa tatu na nusu. Katikati ya Oktoba saa mbili kasoro. Huo ndio msimu wetu wa anga safi, na linakaa kama saa sita juu ya nyuzi 30. Hakuna haja ya kukesha wala kumwomba bosi ruhusa.

Usumbufu. Shela hupita upande wa kaskazini. Ukiwa Msimbati, mwanga wa mji wa Mtwara uko kaskazini-magharibi, na lensi yako itaelekea huko huko Shela linapoanza kushuka. Kwa watu wa Lindi, Mchinga ni pazuri zaidi, kwa sababu mji unabaki nyuma yako, kusini.

Halafu kuna salfa. Kuanzia Juni hivi hadi Agosti wakulima wa korosho hupulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, na hupulizia alfajiri wakati upepo umetulia na umande upo majanini. Utulivu ule ule tunaoutaka sisi. Niliwahi kutega kamera ukingoni mwa shamba bila kuuliza, na kulipopambazuka lenzi ilikuwa na utando wa njano. Usiufute kwa kitambaa, utakwaruza kioo. Upulizie kwanza kwa kipira cha hewa. Bora zaidi, muulize mwenye shamba jioni ile ile: «Shikamoo, kesho alfajiri mnapuliza?» Atakujibu, na huenda akakupa na mlinzi.

Linamfaa mwenye kamera, lenzi ya kuvuta mbali na kifuatilia nyota. Linamfaa pia mwenye darubini janja asiyekerwa na nusu shela.

## Tanga

Tanga ni kubwa kuliko yote, ni jirani kuliko yote, na ni gumu kuliko yote. Lilipuka kama miaka 11,000 iliyopita, umbali wa miaka ya nuru 800 na kitu. Ndani yake kuna kiini kinachozunguka mara 11 kwa sekunde, kilichogunduliwa mwaka 1968, mwaka ule ule wa kile cha Kaa.

Ukubwa na lenzi. Nyuzi 8. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ipunguze kidogo: hilo ndilo Tanga. Kwa hiyo hapa mwenye lenzi fupi ndiye mfalme. Milimita 85 kwenye sensa ndogo hulichukua lote pamoja na anga ya kuzunguka. 135 hukata kingo kidogo. Darubini janja haifai hapa. Kulishona Tanga zima kwa vipande vya nyuzi 1.3 ni kama kufua tanga la jahazi kwenye kikombe. Ila kuna kipande kimoja kinachoiingia vizuri: Nebula ya Penseli, NGC 2736, uzi mnyoofu ulio ukingoni mwa mabaki haya, ambao John Herschel aliuona mwaka 1835 akiwa Afrika Kusini.

Nuru na filta. Ni utando wa nyuzi nyekundu na buluu uliosambaa juu ya uwanja uliojaa nyota. Nuru yake imetapanywa kwenye eneo kubwa mno, kila pikseli inapata tone. Kamera isiyobadilishwa itaonyesha nyuzi chache za oksijeni na kukosa nyingi za hidrojeni. Filta husaidia, ila lenzi pana sana humletea nuru filta kwa mshazari, na mikanda yake huhama. Ndiyo maana watu wengi hukaa kwenye milimita 85 kwenda juu. Hesabu saa sita au zaidi za picha, zikikusanywa kwa siku kadhaa.

Kalenda. Ana madirisha mawili, yote kwenye kingo za mvua. La kwanza ni katikati ya Mei, mvua zikikata: giza likiingia, saa moja na dakika chache usiku, Tanga liko kusini-magharibi na unalo hadi saa tatu hivi. La pili ni katikati ya Novemba kabla mvua hazijashika: kuanzia saa saba na nusu usiku hadi saa kumi. Saa mbili, mbili na nusu kwa usiku. Kwa hiyo zile saa sita ni usiku tatu safi mfululizo, na Novemba hakuna mtu anayeweza kukuahidi hilo. Mimi lilinichukua misimu miwili, na sijaridhika.

Usumbufu. Upande wa kusini ndio utajiri wetu. Msimbati ukitazama kusini unatazama Msumbiji na giza. Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma liko chini yako, na baridi ya kule hupunguza chembechembe za kelele ambazo joto la pwani huzijaza kwenye picha. Ila Msimbati ina wavuvi wa dagaa. Nao wanataka usiku usio na mwezi kama wewe, maana taa zao hazivuti dagaa mbalamwezi ikiwa imewaka. Usiku mmoja bahari yote ilikuwa kama mji. Mzee mmoja aliyekuwa anashusha nyavu alikuja kunitazama.

«Shikamoo mzee.»

«Marahaba. Unavua nini huko juu?»

«Tanga, mzee.»

«La jahazi gani?»

Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alitazama kimya, kisha akasema limechanika. Kwa picha za usiku ule alikuwa sahihi.

Linamfaa mwenye subira, mwenye lenzi ya 85 au 135 yenye mdomo mpana, na mwenye ndugu Newala wa kumlaza.

## Kufuata nyota tusipokuwa na nyota ya kuifuata

Jambo hili linagusa chaguo lote, na maelekezo mengi yameandikwa na watu wa kaskazini. Kifuatilia nyota lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga. Wao wana nyota ya kaskazini, kwetu haichomozi. Ncha ya kusini ipo nyuzi 10 tu juu ya upeo, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba ukungu wa bahari na minazi humaliza habari yake.

Kuna njia mbili. Ya bure ni ya kutazama mtelezo: lenga nyota iliyo juu karibu na mstari wa kaskazini-kusini, tazama kama inateleza juu au chini, rekebisha upande wa kushoto-kulia, kisha lenga nyota iliyo mashariki na urekebishe urefu. Mara ya kwanza itakula saa nzima, mara ya tano robo saa. Ya pili inahitaji kompyuta mpakato: programu ya N.I.N.A., ambayo ni ya bure, ina nyongeza inayopiga picha sehemu tatu za anga, inatambua nyota zilizomo na kukwambia mhimili umekosea kwa kiasi gani, bila kuiona ncha yenyewe. Na kabla hujalipia kifuatilia nyota, uliza kama kitako chake kinashuka hadi nyuzi 10. Baadhi hugonga mguu wa tripodi kabla ya kufika.

Darubini janja haina habari na ncha. Hii ndiyo sababu yake kubwa huku kwetu, kuliko hata urahisi wa simu. Udhaifu wake ni kufuata vitu vilivyo utosini kabisa, na mabaki yetu matatu hakuna linalofika utosini.

Mwenye tripodi tu afanye hesabu: gawa 500 kwa milimita za lenzi, kisha gawa tena kwa 1.6 kama sensa ni ndogo. Lenzi ya 200 inakupa sekunde moja na nusu kabla nyota hazijawa vijistari. Saa mbili za Shela ni picha zaidi ya 4,000, na shata ya kamera ina umri. Inawezekana, nimeona imefanywa, ila fikiria harusi za Jumamosi kabla ya kuichosha kamera.

Kurundika ni kazi ya Siril au DeepSkyStacker, zote za bure. Picha 100 zilizorundikwa hupunguza chembechembe mara 10 ukilinganisha na moja. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na mwisho wa usiku funika lenzi upige picha 20 au 30 za giza kwa muda ule ule na joto lile lile. Kwa usiku wetu wa joto usiziruke. Na usiitoe kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka moja kwa moja ufukweni. Itatoka jasho kabla hujafungua tripodi.

## Kwa hali yako

Una darubini janja na unakaa mjini Mtwara au Lindi: mpige Kaa mwishoni mwa Oktoba, filta ikiwa imezimwa. Septemba piga Shela la magharibi, filta ikiwa imewashwa. Umeme ukikatika mtaa mzima usiku usio na mwezi, acha kulalamika na wenzako, toka nje.

Una kamera, lenzi ya 70–300 na kifuatilia nyota: Shela, Agosti hadi Oktoba, kwenye milimita 200 au 250. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua filta kabla ya lenzi mpya.

Una lenzi ya 85 au 135 na kifuatilia, na hupendi njia rahisi: Tanga, Novemba, Newala. Anza kwa kupanga usiku wanne ili upate mmoja au wawili.

Una darubini ndefu ya milimita 500 au zaidi: Kaa ni wako, na ni huyo tu kati ya watatu atakayeingia mzima kwenye fremu bila kukatwa. Ukirudi kumpiga baada ya miaka kumi na kuzipachika picha mbili juu ya nyingine, utaona nyuzinyuzi zake zimesogea, maana gesi ile bado inakimbia kilomita 1,500 kwa sekunde.

Wewe ni mwalimu unayetaka kuwaonyesha wanafunzi kitu usiku huo huo: chukua darubini janja na Shela la mashariki, Septemba, saa mbili na nusu usiku kabla wazazi hawajaanza kupiga simu. Picha hujijenga kwenye simu dakika kwa dakika, na watoto hupiga kelele mkunjo wa kwanza unapotokea.

Na kama una kamera, tripodi na lenzi ya milimita 50, kama mimi wa Shangani, basi Kaa muache. Nenda Msimbati katikati ya Mei, giza likiingia, elekea kusini-magharibi, piga picha za sekunde 6 kwa saa nzima, uzirundike. Huenda usione zaidi ya uzi mmoja au miwili ya Tanga kati ya nyota, lakini utakuwa umeshajua kulenga, kurundika na kupiga picha za giza, na Shela litakuwa linakusubiri Agosti ukishaazima lenzi.